Paa la zege la Mkunazini na funzo lake kwa wajenzi wa makanisa Singida

Na Mwandishi Wetu

MGENI afikaye mkoani Singida hupokewa kwanza na mawe. Miamba mikubwa ya matale, ambayo wengi huiita graniti, imejipanga kandokando ya barabara na katikati ya mitaa, mingine ikiwa imebebana kana kwamba kuna mkono ulioipandisha.

Kutokana na miamba hiyo hupatikana kokoto, na kokoto ikichanganywa na mchanga, saruji na maji huzaa zege. Ndiyo maana jengo la zege halihesabiwi kuwa kitu kigeni mkoani humo, na parokia au usharika unapoamua kuachana na kanisa dogo la zamani na kujenga jipya, zege ndiyo hutajwa mwanzo.

Pamoja na hayo, si jambo la ajabu katika miji yetu kuliona kanisa ambalo nguzo zake zimesimama miaka mingi zikisubiri paa, nondo zikichungulia juu mithili ya vidole vinavyoomba msaada. Waumini huchanga, kazi husogea hatua moja, kisha husimama tena hadi mavuno yajayo.

Fedha hizo ni za watu wenye kipato kidogo. Kwa hiyo swali la namna jengo la zege linavyosimama, na namna linavyoharibika, si la wahandisi peke yao. Ni la kila aliyetoa gunia lake la mtama au alizeti ili nyumba ya ibada ipatikane.

Katika nchi yetu lipo kanisa moja la kale liwezalo kujibu swali hilo kuliko kitabu. Nalo ni Kanisa Kuu la Kristo la Anglikana lililoko Mkunazini, Mji Mkongwe, Zanzibar, ambalo paa lake ni la zege na umri wake unakaribia karne moja na nusu.

Njia iliyopita Mgunda Mkali

Msomaji anaweza kuuliza: Singida na Mkunazini wapi na wapi? Jibu limo katika historia. Karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini mwa mkoa wa leo wa Singida, katika nyika kavu ya Manyoni iliyojulikana kwa jina la Mgunda Mkali.

Jina lenyewe linatosha kueleza shida ya njia hiyo. Wapagazi walivuka pori hilo kwa siku nyingi wakiwa na maji machache, wakichukua pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Pamoja nao waliswagwa binadamu waliotekwa ili wakauzwe.

Wengi wa watumwa waliofikishwa Zanzibar walitoka upande wa kusini, maeneo ya Ziwa Nyasa, na kupitishwa Kilwa. Lakini njia ya kati nayo ilitoa sehemu yake, na mwisho wa safari kwa wengi ulikuwa soko la Mkunazini.

Soko hilo lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultani Sayyid Barghash bin Said kutia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake ya wazi. Miezi michache baadaye, siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali hapo.

Waliolijenga walikuwa wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi UMCA. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874.

Wapenzi wa Kiswahili wanamfahamu Steere kwa sababu nyingine. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia lugha hii kama ilivyosemwa Unguja, pamoja na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili, na baadaye akafanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyo huyo alihangaika pia na chokaa, saruji na matumbawe.

Inasimuliwa kwamba altare ya kanisa hilo ilijengwa pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Hadi leo sakafu ya mahali hapo ina duara la marumaru linalomfanya mgeni asimame na kuinamisha kichwa.

Tatizo la upana

Ili kuelewa ujasiri wa Steere ni lazima kwanza kuelewa namna nyumba za Unguja zilivyojengwa. Kuta zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo katika tanuu la kuni.

Juu ya kuta hizo zililazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti yakapangwa mawe na chokaa iliyoshindiliwa hadi ikawa sakafu au dari. Ujenzi huo ulikuwa imara, lakini ulikuwa na mpaka wake: boriti ya mkoko ikizidi takriban mita tatu hulemewa na kupinda.

Matokeo yake ni kwamba vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Mwenye mali angeweza kurefusha chumba chake apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Upana uliamuliwa na mti.

Mkazi wa Singida hahitaji kuambiwa jambo hilo mara mbili. Tembe, nyumba ya asili ya Kanda ya Kati yenye paa bapa la udongo, ilitawaliwa na sheria ile ile. Udongo ni mzito, mti una kikomo chake, na ukitaka nafasi kubwa ni lazima usimamishe nguzo katikati ya chumba.

Nyumba ya kuishi inaweza kuvumilia wembamba. Kanisa haliwezi, kwa maana linataka watu wengi wakae chini ya paa moja, wamwone mhubiri na kumsikia. Basi Steere alikuwa na njia mbili: kuleta mbao ndefu na mabati kutoka mbali, au kutafuta namna ya kuezeka kwa vitu vya pale pale.

Alichagua njia ya pili. Alitwanga matumbawe yakawa kama kokoto na mchanga, akayachanganya na saruji iliyoletwa kwa meli, na kwa mchanganyiko huo akafinyanga paa lenye umbo la pipa lililopasuliwa kwa urefu, likaanzia ukuta mmoja hadi wa pili.

Hapakuwa na nondo ndani yake kwa namna tuzijuavyo leo. Wengi waliamini kwamba paa hilo lingeporomoka, na haikuwa hofu ya kipumbavu, kwa kuwa katika mji huo hapakuwa na aliyewahi kuona kitu kizito namna ile kikining'inia hewani pasipo boriti.

Halikuporomoka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877 kazi ikiwa bado inaendelea, na hadi leo waumini wanasali chini ya paa hilo.

Siri ya umbo

Siri yake haikuwa wingi wa saruji. Ilikuwa umbo.

Zege ina tabia moja ambayo kila anayejenga hana budi kuijua: hustahimili sana kubanwa, lakini ni dhaifu inapovutwa. Weka tofali la zege chini ya mzigo mkubwa, litaubeba. Lifanye daraja kati ya mawe mawili kisha ulikanyage katikati, litakatika, kwa sababu upande wake wa chini unavutwa na hauwezi kuhimili.

Paa bapa lina tabia ya daraja hilo. Uzito hulipinda, upande wa juu ukabanwa na upande wa chini ukavutwa. Paa la umbo la pipa halifanyi hivyo. Uzito wa kila kipande huegemea kipande kinachofuata, nacho huegemea cha chini yake, hadi mzigo wote ufike ukutani. Kila sehemu inabanwa, hakuna inayovutwa.

Ujuzi huo ni wa kale. Warumi walijenga hekalu la Pantheon mjini Roma kwa zege isiyo na chuma, na kuba lake lenye upana wa takriban mita 43 limesimama tangu miaka ya 120 baada ya Kristo.

Lakini umbo hilo nalo hudai malipo. Paa la pipa halishuki chini tu, bali husukuma kuta kwenda nje, kama mtu aliyesimama kwenye utelezi miguu yake ikipanuka. Ukuta mwembamba utasukumwa, utapasuka, na paa litafuata.

Kwa sababu hiyo anayetazama kanisa la Mkunazini kutoka nje asishangazwe na unene wa kuta zake. Unene huo haukuwa wa kujionyesha, wala madirisha yake hayakufanywa membamba kwa urembo pekee. Ukuta ulikuwa unafanya kazi ya kuzuia msukumo, na kila tundu lililotobolewa lilikuwa upungufu wa nguvu.

Kuna kisa kingine kinachopendwa na wageni. Nyuma ya kanisa ziko nguzo 12 zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere alipokuwa safarini bara, naye aliporudi akaamua ziachwe zilivyo.

Watu hucheka wanaposikia kisa hicho, lakini nacho kina funzo. Nguzo ile inabanwa tu, na kwa mzigo wa namna hiyo kichwa na kitako ni mapambo. Kosa lilikuwa la sura, halikuwa la nguvu. Laiti mafundi hao wangekosea kipimo cha unene wa ukuta, tusingekuwa na la kusimulia.

Nondo zilipoingia

Wakati Steere akitwanga matumbawe, huko Ufaransa mtunza bustani aitwaye Joseph Monier alikuwa ameshapata hataza, mwaka 1867, ya kutengeneza vyungu vya maua vya saruji vyenye nyavu za chuma ndani. Mwaka 1892 Mfaransa mwingine, François Hennebique, alipata hataza ya mfumo wa kujenga nguzo na boriti za zege yenye nondo.

Wazo lao lilikuwa rahisi. Chuma hustahimili kuvutwa, zege hustahimili kubanwa. Ukiviunganisha, kila kimoja kinaziba udhaifu wa mwenzake. Nondo huwekwa pale ambapo zege ingepasuka, yaani upande wa chini wa boriti na kuzunguka nguzo.

Makanisa yalibadilika sura. Mwaka 1922 hadi 1923 msanifu Auguste Perret alijenga kanisa la parokia la Notre-Dame katika mji wa Le Raincy, karibu na Paris. Nguzo zake ni nyembamba, paa lake ni jepesi, na kuta zake hazibebi kitu. Zimekuwa pazia la zege na vioo vya rangi. Unene aliolazimika nao Steere haukuhitajika tena.

Afrika Mashariki nayo ilipata ya kwake. Kanisa Kuu la Familia Takatifu jijini Nairobi lilijengwa kati ya mwaka 1960 na 1963 kwa michoro ya Dorothy Hughes, mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya usanifu majengo katika ukanda huu. Ni jengo la zege lenye ukumbi mpana uwezao kuchukua maelfu ya waumini.

Majengo yanayoinuka leo Singida, Dodoma au Tabora ni ndugu za hilo la Nairobi kuliko la Mkunazini. Yanategemea nondo. Na hapo ndipo penye hatari ambayo wachangiaji wengi hawaelezwi.

Adui aitwaye kutu

Zege mpya huilinda nondo. Saruji ina hali ya magadi ambayo hufanya utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo huzuia kutu. Maadamu zege ni nzito, haina nyufa na imeifunika nondo vya kutosha, chuma kitakaa humo kwa miongo mingi.

Chumvi huuvunja ulinzi huo. Chumvi ikiingia kwa maji au mchanga, nondo huanza kushika kutu ndani kwa ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo huisukuma zege kutoka ndani hadi ikapasuka na kubanduka vipande. Hata lile kanisa la Le Raincy lilipatwa na maradhi hayo na kuhitaji matengenezo makubwa.

Hapa ndipo lilipo jambo la kustaajabisha. Matumbawe ya Steere yalitoka baharini, nayo yangeweza kuwa sumu kwa nondo. Lakini kwa kuwa paa lake linategemea umbo badala ya chuma, kutu haikuwa na cha kula. Kile kilichoonekana kuwa uduni wa teknolojia kimegeuka kuwa sababu ya umri mrefu.

Kwa Singida onyo hilo lina uzito wa pekee. Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo kandokando ya mji, ni ya maji ya chumvi. Uzuri wake ni wa kutazamwa, lakini maji hayo hayafai kukorogea zege yenye nondo, hata kama kisima kiko mbali na bei ya maji imepanda. Mchanga uliochotwa ufukweni mwake nao ni wa kutiliwa shaka.

Jambo la pili ni kumwagilia. Zege haikauki kama nguo. Hukomaa kwa saruji kuungana na maji. Ikinyimwa maji siku za mwanzo hubaki dhaifu. Mafundi hodari huifunika na kuimwagilia kwa muda usiopungua siku saba, na nguvu yake hupimwa ikitimiza siku 28.

Singida ni mkoa mkavu wenye upepo mwingi. Upepo huo hunyonya maji juu ya zege mbichi kwa saa chache tu na kuiachia nyufa nyembamba, ambazo baadaye huwa milango ya maji na kutu. Siku ya kumwaga zege isiangaliwe kwa wingi wa vibarua pekee, bali pia kwa uhakika wa maji ya wiki nzima inayofuata.

La tatu ni hizo nondo zinazochungulia. Kutu nyepesi inaweza kuondolewa kwa brashi ya chuma kabla ya kazi kuendelea. Lakini nondo iliyoachwa mvua baada ya mvua hadi ikabanduka magamba imepungua unene, na kuifunika kwa zege mpya ni kuficha ugonjwa. Parokia inayojenga kwa awamu ingefaa kuzipaka nondo hizo saruji ya maji au kuzifunika tangu siku kazi iliposimama.

Na kokoto je? Hapo Singida imebarikiwa. Matale ni jiwe gumu, na likipondwa vizuri na kuoshwa vumbi hutoa kokoto bora. Kipimo kilichozoeleka cha saruji moja, mchanga miwili na kokoto minne hakina ubaya kwa kazi ya kawaida, lakini maji yakizidi ili zege iteleze kirahisi, jiwe zuri haliwezi kuokoa kitu.

Kutunza ni kujenga mara ya pili

Kanisa la Mkunazini halikudumu kwa bahati tu. Baada ya miaka mingi ya maji kupenya na kuta kuchakaa, ulifanyika ukarabati mkubwa katika muongo wa 2010, ukisimamiwa kwa ushirikiano na shirika la World Monuments Fund na kusaidiwa na Umoja wa Ulaya. Maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa yalifunguliwa katika eneo hilo mwaka 2016.

Katika Mji Mkongwe, uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, wahifadhi wamejifunza jambo ambalo mafundi wengi wa bara hawalijui. Ukuta wa kale wa mawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza ukiwa na sura nzuri kwa nje.

Makanisa ya kale ya bara, yaliyojengwa na wamisionari kwa mawe, matofali na chokaa, yanastahili uangalifu huo huo. Kabla ya kamati kuamua kulivunja la zamani kwa kuwa lina ufa, imwite mtaalamu aeleze ufa umetoka wapi. Mara nyingi chanzo ni mfereji wa paa uliotoboka au maji yanayotuama kwenye msingi, na dawa yake ni ndogo kuliko gharama ya jengo jipya.

Na kama uamuzi ni kujenga jipya, michoro itunzwe. Iandikwe zege ilimwagwa lini, saruji ya aina gani ilitumika, nondo za unene gani zimelala wapi. Mjukuu wa mchangiaji wa leo ndiye atakayehitaji habari hizo siku ya kukarabati, na hatakuwa na wa kumuuliza.

Steere alifariki Agosti 1882 na kuzikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Jina lake linajulikana. Ya mafundi na vibarua waliotwanga matumbawe na kuipandisha zege ile hadi juu hayajulikani, ingawa ni mikono yao iliyolibeba paa hadi likajibeba lenyewe.

Parokia za Singida zina nafasi ya kufanya vizuri zaidi ya hapo: kujenga kwa kuelewa, kutunza kwa bidii, na kuyaandika majina ya wajenzi wake wote.